Wakala wa safari wa Iringa na likizo yetu ya Italia: tulicholipia na tulichopata

Mwezi Juni mwaka 2025, shule zilipofungwa na baridi ya Iringa ilipoanza kuuma, mimi na Mama Neema tulifanya safari tuliyokuwa tukiiahirisha tangu mtoto wetu wa mwisho alipomaliza chuo: siku kumi na moja nchini Italia, Roma kwanza, kisha pwani ya kusini. Mipango yote tuliikabidhi kwa wakala mmoja wa safari mwenye ofisi mjini Iringa. Sitaitaja ofisi hiyo kwa jina, kwa sababu nina malalamiko juu yake ambayo hayakumalizika kwa kuridhishana, na kwa sababu ofisi za namna hiyo zinafanana sana kuanzia Mbeya mpaka Njombe. Anayefikiria kwenda kupumzika kwenye pwani ya Mediterania kutoka nyanda zetu hizi atakutana na huduma ileile, bei zinazokaribiana na, nina hofu, makosa yaleyale.

Kwanza ieleweke ofisi yenyewe ni ya namna gani, kwa kuwa hapo ndipo ulipo mzizi wa yote nitakayoyaeleza. Iringa na Italia si wageni wa jana: wamisionari wa Konsolata kutoka Torino walifika kwetu mwaka 1919, na hadi leo si ajabu kumkuta mzee wa Tosamaganga anayeweza kuhesabu kwa Kiitaliano. Kutokana na uhusiano huo, wakala wetu alianza biashara kwa kupeleka mahujaji Roma, makundi ya watu thelathini au arobaini wa parokia, wakiongozwa na padre, wakikaa kwenye basi moja la kukodi tangu wanapotua hadi wanapoondoka. Likizo ya watu wawili wanaotaka kukaa ufukweni, kula polepole na kurudi ni biashara aliyoiongeza baadaye, na tangazo lake ukutani linaiita «kupanga likizo kamili». Malipo yalikuwa shilingi 250,000 kwa kila mtu kwa ajili ya kuandaa maombi ya viza, na shilingi 400,000 kwa pamoja kwa ajili ya ratiba na kutafuta hoteli, mbali na nauli na hoteli zenyewe.

Ili nisiwadhulumu, nianze na viza, kwa sababu huko walifanya kazi ya kiwango ambacho sikukitarajia. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, nayo Italia ina ubalozi wake Dar es Salaam. Maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala hayatakiwi kuchelewa zaidi ya siku kumi na tano kabla yake. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifidie matibabu ya angalau euro 30,000. Na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko. Haya yote mtu anaweza kuyasoma mwenyewe bila kumlipa yeyote. Ambacho huwezi kukisoma popote ni jinsi maisha yako wewe yanavyoonekana kwenye karatasi mbele ya mtu asiyekujua.

Mimi nauza miti. Fedha ya miti haiingii kama mshahara: unaweza kukaa miezi minane ukilipa vibarua wa kupalilia na kusafisha barabara za kuzuia moto huko Mufindi, halafu siku moja mnunuzi wa misindano akaweka milioni kumi na nane kwa mkupuo. Nilipopeleka taarifa ya benki, binti anayeshughulikia viza aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akachukua kalamu nyekundu na kuizungushia duara ile milioni kumi na nane.

«Baba, hii ni nini?»

Nikamwambia ni ekari zangu za miti.

«Mimi najua ni miti, kwa sababu na mimi nimezaliwa Mafinga. Atakayeisoma hii ataona ni fedha ya kuazima.»

Akaniagiza nilete mkataba wa mauziano uliopigwa muhuri wa serikali ya kijiji, nakala za vibali vya kusafirishia mbao, leseni ya biashara na risiti za kodi, kisha akaandika barua ya ukurasa mmoja inayoeleza namna mkulima wa miti anavyopata fedha na kwa nini akaunti yake hulala kwa miezi kabla ya kuamka. Kwa Mama Neema, ambaye ni mwalimu, kazi ilikuwa nyepesi: barua ya mwajiri, kibali cha likizo, hati za mishahara na cheti cha ndoa. Nilimuuliza binti, nusu kwa utani, kama si rahisi zaidi kunitafutia mtu wa kuniwekea milioni ishirini kwa wiki mbili, kama nilivyosikia baadhi ya ofisi zinavyofanya. Alikataa papo hapo bila hata kucheka, akasema hiyo ndiyo inayowafanya watu wanyimwe viza, na kwamba jina la ofisi likishaandikwa vibaya ubalozini, hata mahujaji wake watateseka. Tulikwenda Dar es Salaam wenyewe kutoa alama za vidole, kwa sababu hilo wakala hawezi kumfanyia mtu, na viza zilitoka kabla ya wiki tatu kwisha. Kwa kazi hiyo, shilingi 250,000 si nyingi, na ningeilipa tena leo.

Doa lilikuwa moja tu, nalo tuliligundua wenyewe. Pasipoti ya mke wangu ina jina la baba yake, kama ilivyo kwa wanawake wengi wa kwetu waliosoma na kuajiriwa kabla ya kuolewa, lakini tiketi ya ndege iliandikwa jina langu mimi. Mama Neema ana tabia ya kusahihisha kila karatasi inayopita mbele yake. Jumamosi usiku alikaa na miwani yake akilinganisha herufi kwa herufi, na Jumatatu asubuhi tulikuwa mlangoni kwao kabla hawajafungua. Walirekebisha bila kututoza chochote na bila ubishi. Hata hivyo, mtu asiyeolewa na mwalimu angeweza kuzuiliwa uwanjani.

Walitusaidia pia kwa jambo moja linaloonekana dogo. Ndege yetu, iliyopitia Addis Ababa, ilikuwa ya kuondoka Dar es Salaam alasiri, na mimi nilishapiga hesabu ya kupanda basi la alfajiri kutoka Ipogolo na kwenda moja kwa moja uwanja wa ndege, ili niokoe gharama ya kulala. Binti yule hakukubali. Alisema lori moja likilala Kitonga, ule mlima wa kona kali kwenye njia ya Dar, barabara yote inafungwa, na hakuna shirika la ndege linaloijua Kitonga. Tukatangulia siku moja. Siku hiyo mlima haukuwa na foleni kabisa na tulifika Dar mapema mno, lakini ushauri ulikuwa sahihi, na ni ushauri ambao hakuna mtandao wowote wa kuuza tiketi ungetupa.

Tatizo ni kwamba ofisi hii inaijua Kitonga, ila Positano, mji wa pwani ya Italia iliotupangia, haijawahi kuuona.

Ratiba tuliyokabidhiwa ilichapwa kwa rangi, ikiwa na picha ya Koloseo, ule uwanja wa kale wa Roma, juu na ya bahari ya buluu chini. Usiku tisa uligawanywa hivi: Roma, Assisi, Padova, Venice na Positano. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi, kama anavyofurahi mtu aliyepewa vingi kwa bei moja. Mara ya pili nikauona mstari wa siku ya sita, nao nitaunukuu ulivyo: «Asubuhi kutembelea Venice, mchana safari ya Positano, jioni kupumzika ufukweni.» Venice iko kaskazini-mashariki kabisa mwa Italia, na Positano iko kusini mwa Napoli, kati yake ni zaidi ya kilomita 700. Hata kwa treni za mwendokasi, kufika Napoli peke yake ni zaidi ya saa tano, na baada ya Napoli hakuna tena treni ya namna hiyo inayofika Positano, bali ni kubadilisha usafiri, kupanda basi dogo na kuning'inia kwenye barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Hakuna jioni ya kupumzika hapo. Kuna kufika usiku ukiwa na njaa.

Nilipouliza, niliambiwa kwamba mahujaji huwa wanafika. Bila shaka wanafika: wana basi lao, dereva wao na padre anayejua Kiitaliano, wanalala njiani, na tena hawajaenda kupumzika, wameenda kusali. Ratiba yetu ilikuwa ya hija, nayo ikaongezewa fukwe mkiani, na basi likaondolewa. Ndiyo maana nasema kosa halikutokana na uvivu. Watu hawa wana ujuzi wa kweli wa jambo moja, wakaamini kwamba ujuzi huo unatosha kwa jambo jingine linalofanana nalo kwa jina tu.

Aliyetuokoa ni padre mmoja Muitaliano, mzee, aliyekaa huku kwetu miaka mingi kiasi kwamba Kihehe chake ni kizuri kuliko changu mimi niliyezaliwa Mbeya. Tulimpelekea ratiba ile Jumapili baada ya misa. Aliishika mbali na macho, akaisoma kimya, akacheka hadi akakohoa.

«Mwanangu, aliyeandika hii amepima kwa rula.»

Kisha akatuambia maneno ambayo tulipaswa kuyapata kwa zile shilingi 400,000. Kwa usiku tisa, chagueni vituo viwili, basi. Kaeni Roma, halafu shukeni Salerno, msikae Positano. Salerno ni mji wa kawaida wenye watu wanaokwenda kazini, treni ya mwendokasi inafika katikati ya mji, chakula ni nafuu, na kutoka bandarini kwake boti za abiria huenda Amalfi na Positano katika miezi ya joto, hivyo uzuri wa pwani ile mtauona kutoka majini, ambako ndiko unakoonekana vizuri, na jioni mtarudi kulala kwenye mji wenye njia tambarare.

Tulirudi kwa wakala tukabadilisha. Assisi, Padova na Venice zilifutwa bila hasara, kwa kuwa hoteli zake zilikuwa bado hazijalipiwa. Usiku mbili za Positano, kwa bahati mbaya, ofisi ilikwishazilipia kwa masharti ya kutorudishiwa fedha, bila kutuuliza kama tunayakubali masharti hayo. Tukaamua kwenda, kwa kuwa fedha imekwishakwenda.

Positano ni pazuri, sitasema uongo. Nyumba zimebandikwa juu ya mwamba moja juu ya nyingine, za waridi, za njano na nyeupe, na chini yake bahari ina rangi ambayo nilidhani ni ya picha tu. Lakini mji wote ni ngazi. Tulipotua kwenye kituo cha basi, hoteli yetu ilikuwa «dakika nane kwa miguu» kwa mujibu wa ratiba, nazo zilikuwa dakika nane kwa paka. Nilihesabu ngazi 214 kutoka barabarani hadi mlangoni, nikiwa na sanduku la kilo ishirini na tatu kichwani, kwa sababu magurudumu yake hayakuwa na kazi yoyote pale. Watalii walinipisha kwa heshima kubwa. Nadhani hawajazoea kuona sanduku likibebwa kwa akili. Kwenye ngazi ya mia na kitu, Mama Neema alikaa chini, akajifuta uso kwa kitenge, akatazama juu, akatazama chini.

«Baba Neema, hii ni Kitonga bila gari.»

Basi nalo lina mambo yake. Barabara ile ya pwani ni nyembamba kiasi kwamba mabasi mawili yakikutana kwenye kona, moja hurudi nyuma. Na basi likishajaa Amalfi au Sorrento halisimami katikati, linakupita ukiwa umenyoosha mkono kama mtu anayeaga. Tulipitwa na matatu. Wanaofikiria kukodi gari wajue kwamba katika baadhi ya siku za kiangazi magari ya wageni hupishana kwa namba shufwa na witiri, na kwamba maegesho ni ghali kuliko chakula. Ufukwe wenyewe si mchanga kama wa Kigamboni au wa Matema bali ni kokoto nyeusi zinazochoma nyayo saa sita mchana, na sehemu kubwa imegawiwa kwa wenye miamvuli: sisi tulilipa euro 50 kwa mwamvuli mmoja na viti viwili kwa siku moja, huku sehemu ya bure ikiwa kipande kidogo pembeni ambacho hakuna aliyetuambia kwamba kipo. Maji ya mwezi Juni bado yana ubaridi wa kustua. Mama Neema aliingiza miguu, akasema ni mto wetu Ruaha Ndogo wa asubuhi, akarudi kwenye kiti alichokilipia.

Kuna jambo moja la bahari hiyo ambalo lilinishangaza kuliko yote, na sijui kwa nini watu hawalitaji. Mtu aliyezoea pwani yetu hupanga siku yake kwa maji kujaa na kupwa. Asubuhi unaogelea, mchana unatembea juu ya mwani palepale ulipoogelea. Kule maji hayaendi popote. Mawimbi yapo, lakini kujaa na kupwa kwake ni kudogo kiasi kwamba viti vinapangwa hatua chache kutoka majini asubuhi na vinabaki hapohapo hadi jua linazama. Na jua lenyewe halizami: mwezi Juni, saa mbili na nusu usiku bado unasoma gazeti nje. Siku mbili za kwanza tulikuwa tukichelewa chakula cha jioni tukidhani bado ni mapema, kisha tukakuta kumbe Waitaliano wenyewe ndiyo kwanza wanaketi.

Salerno nitaipitia haraka, kwa kuwa mambo yakienda vizuri hayana simulizi ndefu. Usiku nne, hoteli ya familia karibu na stesheni, chumba kidogo, kitanda kizuri, mwenye nyumba mwanamke wa makamo aliyetuita kwa ishara kila asubuhi tunywe kahawa kabla haijapoa. Boti hadi Amalfi ilichukua kama dakika 35. Siku moja tulipanda treni ya kawaida hadi Paestum, kusini kidogo, ambako mahekalu matatu ya Wagiriki, yaliyojengwa karne ya sita na ya tano kabla ya Kristo, yamesimama kwenye majani kana kwamba mafundi wamekwenda kula tu. Na karibu yake wanafugwa nyati wa maji ambao maziwa yao hutengenezwa jibini laini nyeupe inayoliwa siku hiyohiyo. Mimi mtu wa Iringa, mji wa maziwa, nilikwenda nikiwa na dharau kidogo. Nilirudi bila dharau hiyo.

Siku nyingine ilikuwa ya Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79. Hapa wakala anastahili sifa, kwa kuwa alikuwa anajua kwamba tangu Novemba 2024 wageni hawaruhusiwi kuzidi 20,000 kwa siku na tiketi huandikwa jina la mwenyewe, akazinunua mapema, safari hii kwa majina ya kwenye pasipoti. Tuliwaona waliofika bila tiketi wakihangaika kwenye jua. Mlima wenyewe ulitushangaza kwa namna nyingine: tuliutafuta kwa macho tukitarajia kitu cha kutisha, kumbe kilele chake kina mita 1,281 tu, yaani mtu aliyesimama sokoni Iringa yuko juu zaidi ya ncha ya Vesuvius. Mimi niliyekua nikiutazama Rungwe nilijikaza nisimwambie kitu mwongozaji, maana Rungwe haujamfunika mtu karibuni, na heshima ya volkano haipimwi kwa urefu.

Roma tulikaa usiku tatu mwanzoni, na ilikuwa Roma ya mwaka wa Jubilei, Roma ya Papa mpya aliyechaguliwa mwezi mmoja tu kabla, kwa hiyo umati ulikuwa umati. Ofisi ilituchagulia hoteli nzuri karibu na kituo kikuu cha Termini, ilitueleza vizuri treni ya kutoka uwanja wa Fiumicino, na ilitupangia tupite Mlango Mtakatifu wa Kanisa la Mtakatifu Petro asubuhi na mapema kabla ya makundi. Huko walikuwa kwao. Lakini ni hukohuko lilikojitokeza jambo lililoniudhi kuliko ngazi 214. Kwenye ankara yetu kulikuwa na mstari wa shilingi 120,000, «tiketi za katekesi ya Papa, watu wawili». Tiketi za mkutano wa Papa wa Jumatano hazilipiwi. Hutolewa bure, na ofisi ya Vatikani inayozitoa inalisema hilo waziwazi. Wangeandika kwamba ni malipo ya usumbufu wa kuziomba, ningelipa bila neno. Waliandika ni bei ya tiketi.

Yapo pia madogo ambayo hatukuambiwa na ambayo yangejaa nusu ukurasa tu. Kwamba hoteli hutoza kodi ya wageni kwa kila usiku, juu ya bei uliyokwisha kulipa. Kwamba plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi zao, tukalazimika kununua kiunganishi kwa bei ya uwanja wa ndege. Kwamba tiketi ya karatasi ya treni ya kawaida lazima igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini hata kama umelipa. Kwamba kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni bei moja na ukiketi ni nyingine. Kwamba Roma ina mabomba ya maji ya kunywa mitaani, baridi na safi, na kununua chupa ni kutupa fedha. Binti wa viza angeandika haya yote kwa kalamu yake nyekundu kama angekuwa amefika huko, lakini hajafika, na mkurugenzi wake aliyefika amefika ndani ya basi.

Kuhusu msimu niongeze kidogo, kwa sababu wengi wetu tumefungwa na kalenda ya shule. Ofisi ilitushauri kwanza Desemba, ati ni likizo ndefu na hoteli ni nafuu. Nafuu hiyo ina sababu: mvua za kule hunyesha majira ya baridi, boti za pwani ya Amalfi zinakuwa zimesimama, na hoteli nyingi za mwambao zinakuwa zimefungwa. Waliposikia hatutaki Desemba walipendekeza Agosti, mwezi ambao Italia nzima inahamia ufukweni, hasa kuelekea sikukuu ya tarehe 15. Juni tuliichagua wenyewe kwa kuwa Mama Neema hakuwa na nafasi nyingine, na kumbe ilikuwa ndiyo sahihi. Watakaokwenda sasa wajue pia kwamba tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuandikisha alama za vidole na picha ya uso mpakani badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo wasipange treni ya kuondoka mara tu baada ya kutua.

Tuliporudi niliandika barua ya malalamiko yenye mambo mawili, tiketi za Papa na usiku mbili za Positano. Mkurugenzi aliniita ofisini, akaniamkia, akaniagizia chai na kunisikiliza hadi mwisho. Baada ya wiki tatu shilingi 120,000 zilirudishwa kwenye simu yangu. Kuhusu Positano alisema kwamba hoteli ndiyo yenye fedha, na kwamba sisi tulilala. Ni kweli tulilala. Hatukukubaliana, na bado hatujakubaliana, ingawa tukikutana kanisani tunasalimiana vizuri.

Mwaka ujao tunafikiria kwenda Tunisia, upande wa pili wa bahari hiyohiyo. Pasipoti, barua za mwajiri na taarifa za benki tumeshapeleka kwa binti yuleyule, na ameshazungushia duara mauzo ya miti ya milingoti ya Septemba. Ratiba inabaki nyumbani, kwenye daftari la Mama Neema, na kwenye ukurasa wa kwanza ameandika swali atakalomuuliza kila mwenye hoteli kabla ya kutoa senti: ngazi ni ngapi.